Bi Somoe Hairudishi Fimbo

Habari kwamba wanataka kumnyang'anya fimbo ya kuvulia ilimkuta Bi Somoe uani kwake, Msimbati, akimenya mihogo. Aliyeileta alikuwa Amiri, mwenyekiti wa kikundi chao cha uvuvi, na alisimama mbali kidogo kama mtu aliyekuja kuomba huku akijua hatapewa.

"Bi Somoe, wenzio wamekaa," alisema. "Wameona ule mshipi wako wa kusuka ndio unaotuharibia. Pete za fimbo zimechimbika zote. Ijumaa baada ya sala uje na fimbo yako, apewe mtu mwingine."

"Wamekaa lini, na mimi nilikuwa wapi?"

Amiri akajikuna shingo, akasema mambo mengine si lazima wawepo wote.

"Basi hiyo Ijumaa nitakuwepo," Bi Somoe alisema, kisu kikiendelea na kazi yake. "Na fimbo nitakuja nayo. Kuirudisha ni habari nyingine."

 Mwenyekiti alipoondoka ndipo hasira ilipompanda, mpaka akauacha muhogo nusu na maganda yake.

Alikuwa na haki ya kukasirika. Alizaliwa Mahurunga, kwenye mikorosho ya baba yake, akaletwa Msimbati na ndoa. Mume akavuka Ruvuma kwenda kutafuta maisha, akayapata huko huko pamoja na mke mwingine. Kwa miaka kumi Bi Somoe alitanda dagaa, akiinama kuwakokota majini kwa khanga pamoja na wanawake wenzake maji yakipwa, mpaka kiuno kikamkataa. Mradi mmoja wa kusaidia wavuvi ulipoleta fimbo kumi za kuvulia, yeye peke yake kati ya wanawake ndiye aliyeandikisha jina. Wanaume walicheka siku nzima. Yeye akachukua fimbo ya kumi akaenda zake ufukweni, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyemwona tena na khanga majini. Fimbo ile ndiyo iliyomtoa kwenye kuinama.

Tena ndiye aliyekuwa fundi wao. Mikono iliyozoea ukindu wa mikeka haikuona taabu kufunga pete zilizong'oka, zile za chuma ambamo mshipi hupita kutoka kwenye mashine ya kukunjia hadi ncha ya fimbo. Alizizungushia uzi, akazipaka vanishi, zikakaa. Na ndiye aliyewaambia waachane na mshipi wa nailoni unaovutika, watumie wa kusuka, mwembamba lakini haukatiki ovyo. Wakatumia. Miaka miwili wakala kolekole na kujisifu.

Sasa mishipi ilikuwa ikikatika samaki akiwa anaonekana kwa macho. Wiki iliyopita Faraji, mwenye maneno mengi kuliko wote kikundini, alipoteza kolekole ambaye kila akimsimulia aliongezeka urefu. Walipozitazama pete wakakuta mifereji yenye makali ya kukata mshipi. Lazima apatikane wa kulaumiwa, na mwanamke ni mmoja tu.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba sababu aliijua, na alikwisha kuwaambia mara tatu. Wanaume wa Msimbati wamekulia kwenye mshipi wa mkono. Samaki akishika, akili yote ya fimbo inawatoka. Mtu anasahau kabisa kama kuna mashine, anaukamata mshipi kwa mikono miwili kama baba yake alivyofanya ndani ya mtumbwi, anavuta, anaurundika miguuni. Tofauti ni kwamba miguuni mwa baba yake palikuwa na ubao, na miguuni mwake pana mchanga. Samaki akishatua nchi kavu, mshipi unakunjwa kwenye mashine pamoja na mchanga wake, na kesho yake ukirushwa unapita kwenye pete kama msasa. Wa nailoni mchanga huteleza. Wa kusuka huukumbatia katikati ya nyuzi. Mara ya tatu alipowaambia, Faraji alimuuliza kama siku hizi wanafundishwa kuvua na watanda dagaa.

Ijumaa wakakutana kwenye banda la mnada wa samaki, wanaume tisa, fimbo zao zimeegemezwa ukutani. Amiri alifungua kikao kwa dua ndefu kuliko kawaida.

"Bi Somoe, tusipotezeane muda," Faraji alidakia. "Tangu tuweke mshipi wako, pete zinaisha. Kuna la kubisha hapo?"

"Lipo," Bi Somoe alisema. "Lete fimbo yako wewe kwanza."

Akatoa pamba kwenye mfuko wa gauni, akakata kipande, akakipitisha kwenye pete ya ncha. Pamba ikanasa, ikaacha nyuzi nyeupe kwenye chuma. Pete ya pili ikanasa. Ya tatu nayo. Akaenda fimbo hadi fimbo, na kila alipopita pamba zilibaki zikining'inia. Ya Amiri ndiyo iliyokuwa mbaya kupita zote.

"Si ndiyo hayo tunayosema!" Faraji alisema. "Mshipi unakula chuma!"

"Haya. Yangu hii. Mshipi ule ule, siku ile ile tuliyoufunga sote, na mnajua navua kuliko nusu yenu." Akaanzia nchani. Pamba ikapita pete ya kwanza, ya pili, ya tatu, ikapita laini. Akateremka taratibu. Ya nne. Ya tano. Ya sita. Wanaume wakaanza kuvuta shingo waone.

Ikabaki moja, ile kubwa iliyo jirani na mashine. Akaipitisha pamba. Ikanasa.

Faraji akapiga kofi hewani. "Haya! Na yake! Mwanamke kajifunga mwenyewe!"

Kicheko kikazunguka banda. Bi Somoe alingoja kiishe. Uso ulikuwa umemwaka moto, lakini hakupepesa macho.

"Imenasa," alisema. "Pete mpya ninayo nyumbani ndani ya kopo. Ningeifunga juzi, na hakuna kati yenu ambaye angejua. Nimeiacha makusudi muione." Akaweka kidole kwenye mkwaruzo. "Mnaikumbuka siku ya pili ya Idi, nilipomnasa yule kolekole? Mlikuja nyote mkanipigia kelele: tupa fimbo, vuta kwa mkono, vuta kwa mkono, utampoteza! Nikaona haya, nikavuta kwa mkono. Mshipi ukalala mchangani, nikaukunja hivyo hivyo. Kesho yake niliporusha, pete hii ndiyo ya kwanza kupokea ule mchanga; nikasikia ukikwaruza, nikauosha mshipi wote. Huu mkwaruzo ni wa mchanga huo. Miaka miwili, na hiyo moja ndiyo siku niliyowasikiliza."

 Amiri aliisogelea fimbo yake mwenyewe, akaanza kung'oa pamba kwenye pete, moja moja.

"Sasa tupige kura juu ya hiyo fimbo?" Faraji aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Pigeni," Bi Somoe alisema.

Akaitwaa fimbo yake, akatoka bandani kabla hawajanyoosha mikono, akashuka ufukweni mchana kweupe wakimwona wote. Akasimama ndani ya maji ya magoti, akarusha.