Besi Bila Bendi

Wiki niliyorudi kazini niliandika ratiba. Mtu aliyesoma sekondari kwa masomo ya jioni, akamaliza kidato cha nne ana miaka thelathini na mmoja, anaiamini ratiba kuliko anavyoamini dawa za hospitali. Ratiba ndiyo iliyonivusha hesabu, na hesabu zile zilikuwa zimewashinda watu wenye akili kuliko mimi mara kumi, tena waliokuwa wanalala mapema. Basi nikanunua karatasi ya manila na kalamu za rangi tano, nikaipaka wiki yangu mpaka upinde wa mvua ukaona haya kutokea tena juu ya Moshi.

Nyekundu ilikuwa kazi: Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, stoo ya duka la vifaa vya ujenzi mjini, mimi na misumari, mabati na mabomba. Kijani ilikuwa dhania niliyootesha kwenye madumu yaliyokatwa, nje ya chumba changu cha kupanga pale Rau. Njano, kudarizi vitambaa vya meza. Nyeusi, kuku wanne. Na bluu, Jumamosi saa tisa alasiri, mazoezi ya bendi ya matarumbeta ya kanisa letu kule nyumbani Mwika, ambako mimi nilikuwa napiga besi.

Mwenye macho ameshaona tatizo. Bluu ilikuwa imekaa juu ya nyekundu. Na mimi niliona, ila nikajiambia Mungu naye ana kalamu zake.

Mambo hayo yote niliyaokota katika miaka miwili niliyokaa nyumbani kumuuguza mama. Kaka zangu wako Dar es Salaam, dada yangu yuko Arusha, wote wana kazi na watoto. Mimi sina mume wala mtoto, kwa hiyo kikao cha ukoo cha kuamua nani arudi kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, kilikwisha kabla chai haijapoa. Mama mwenye duka akaniambia, "Nenda kamwangalie mama yako. Nafasi yako ipo." Na kweli aliishika, kitu ambacho siku hizi hata ndugu wa damu hafanyi.

Mama alikuwa anatembea kwa shida, lakini kilichomwonea zaidi ni masikio. Yalikufa kuanzia juu kwenda chini. Walianza kutoweka ndege, wakafuata watoto, wakafuata wanawake, mimi nikiwamo. Mwaka niliofika alikuwa amebakiwa na radi, malori ya ndizi na mchungaji mmoja mwenye sauti nzito. Nilikuwa naongea naye kwa mikono na kwa kupiga kelele ambazo nadhani zilisikika Kenya. Yeye alikuwa anajibu swali alilolitaka mwenyewe. Nauliza, "Mama, nikuletee mtori?" Anasema, "Alishaolewa huyo."

Kelele hizo ndizo zilizoniingiza kwenye bendi. Mpiga besi wa zamani alikuwa amehamia Sanya Juu kwa binti yake, na besi ikabaki kabatini kanisani bila mapafu. Mwalimu wa bendi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alinisikia siku moja namwita mama toka mgombani. Akaja mpaka uani.

"Binti, mapafu hayo unayafanyia nini?"

"Nayatumia kupumua, mwalimu."

"Ni israfu. Njoo Jumamosi."

Besi ile, kwa wasioijua, ni tarumbeta iliyokula matarumbeta mengine yote. Uzito wake ni ndama wa miezi sita. Mwezi wa kwanza nilikuwa natoa sauti ya ng'ombe aliyeshiba vibaya, na mbuzi wa jirani waliacha kutoa maziwa, jirani ni shahidi. Lakini shida kubwa ya besi ni kwamba peke yake haina wimbo. Tarumbeta ndogo ukizipiga peke yako watu wanaimba. Besi ukiipiga peke yako unatoa hatua tu: pum, pum, kimya, pum. Ni miguu ya mtu anayepita nje gizani. Unajua kuna mtu, hujui ni nani.

Ndiyo maana sikuamini yaliyotokea. Nilikuwa nafanya mazoezi nyuma ya nyumba, mdomo wa besi nimeuelekeza kwenye ukuta wa mbao wa chumba cha mama. Nilipopumzika nikasikia ndani, "Huo ni ule wa mavuno."

Nikaingia. Mama alikuwa amelala, kiganja kimeshika ubao wa kitanda.

"Mama, umesikia?"

Hakunisikia nikiuliza, lakini alinitazama usoni akaelewa. "Ni wa mavuno," akasema tena, "ila umeruka hatua. Mguu wako wa kushoto uko wapi?"

Kuanzia siku ile tukawa na mchezo. Kila jioni baada ya kumlisha naingia na ndama wangu, naegemeza mdomo wake kwenye kitanda, napiga. Mama anashika ubao, anafumba macho. Hatua nne, tano, anautaja. Wa mavuno, wa jioni, wa kumsindikiza bibi harusi, wa kuaga marehemu. Alikuwa ameimba kwaya miaka hamsini, nyimbo zilikuwa kwenye mifupa. Nikikosea ananichamba. "Unapiga kama ng'ombe anayetafuta mlango." Nikipatia anasema, "Aika, mwanangu," ahsante ya Kichagga, kwa sauti ya chini ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuisikia. Duniani kote, na nimefikiria vizuri kabla ya kuandika hivyo, alikuwa mtu mmoja tu ambaye besi yangu peke yake ilikuwa wimbo mzima.

Alifariki kabla masika hayajaisha. Nilipiga besi kwenye mazishi yake. Watu walisema nina moyo wa chuma. Si chuma. Ukishaweka mdomo kwenye besi huwezi kulia, kwa sababu pumzi ni moja na wimbo umeshaichukua.

Ndugu walirudi Dar na Arusha, nyumba tukaifunga, nami nikateremka Rau na besi yangu. Kabla sijaondoka mwalimu alinikumbusha sheria: mwanabendi akikosa mazoezi Jumamosi tatu mfululizo, bila msiba wala ugonjwa, chombo kinarudi kabatini kusubiri mwingine. Sheria hiyo ni ya zamani. Inasemekana tarumbeta moja iliwahi kwenda Dar na mwenyewe ikaishia kuoteshewa maua. Niliitikia vizuri tu. Nilikuwa na ratiba.

Jumamosi ya kwanza, saa tisa ilinikuta nampimia nondo fundi mmoja aliyekuwa akijenga, kwa hesabu ya nondo zile, ghorofa la kufika kilele cha Kibo. Kesho yake nilipanda Mwika, nikaenda kwa mwalimu na jani la isale. Kwetu mtu akikuletea isale kuomba msamaha huwezi kumkatalia. Watu wamesameheana mashamba kwa jani hilo, hata damu. Nilikuwa nafanya utani kidogo, na kidogo sikuwa nafanya utani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Akalipokea jani, akaliangalia upande huu na upande huu. "Kwa hiyo umeua mtu?"

"Nimekosa mazoezi."

"Isale hairudishwi. Nimekusamehe." Akaliweka juu ya dirisha. "Lakini iliyokosekana ni besi, na kwa hiyo hakuna isale. Jana tulipiga tukawa tunaelea kama mapovu. Hiyo ni moja."

Wiki iliyofuata nikaenda kwa mama mwenye duka.

"Mama, naomba Jumamosi niwe naondoka saa saba."

"Jumamosi mafundi wote wa Moshi wako hapa. Atawapimia nani?"

"Nitafidia siku nyingine. Nitafungua mimi asubuhi, nitafagia, nitahesabu misumari mmoja mmoja."

"Ni harusi?"

"Ni bendi ya kanisa."

Akaweka kalamu chini. Si mtu mbaya, na ndiyo maana ilikuwa ngumu. "Nilikushikia nafasi miaka miwili," akasema. "Nilihangaika na watu wasiojua bomba la nusu inchi na la robo tatu. Sikukudai ahsante. Nakuomba Jumamosi tu."

Nikarudi stoo. Jumamosi ikapita, ikawa mbili.

Nikasema basi nitafanya mazoezi mwenyewe, niwe tayari siku mambo yakinyooka. Kila jioni saa moja kasoro nikitoka kazini, naketi kitandani chumbani Rau, ndama mapajani, napiga. Jioni ya tatu mlango ukagongwa. Ni jirani wa mlango wa pili, mama wa Singida ambaye mume wake anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa huko chini.

"Dada, samahani, baba watoto anauliza, ni pampu ya maji au kuna lori limeshindwa kupanda?"

"Ni wimbo."

"Wimbo."

"Njoo ukae. Nikipiga, useme ni upi."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Najua. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono mapajani. Nikampigia wa mavuno, polepole, bila kuruka hatua hata moja. Nafikiri sikuwahi kuupiga vizuri hivyo. Alisikiliza kichwa ameinamisha, kwa adabu kubwa.

"Niseme?"

"Sema."

"Ni ule unaopigwa mpira wa timu ya taifa kabla haujaanza."

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Naye akacheka, akasema, "Nimekosa eh?" Nikasema amekaribia sana, amepita tu nyumba mbili. Akaniachia karanga za kukaanga kwenye kikombe akaenda kuwalisha watoto wake. Alipofunga mlango nikabaki na kile kicheko hakina pa kwenda. Chumba changu ni futi kumi kwa kumi. Ukinyoosha miguu unagusa jiko. Jioni ile ungeweza kukigawa viwanja ukauza.

Mambo mengine ya kwenye ratiba yalikuwa yanakufa taratibu bila kunisumbua. Dhania ilitoa maua nikaiangalia tu. Kitambaa cha meza kina nusu ya waridi hadi leo. Kuku watatu niliwagawa, wa nne alijigawa mwenyewe, sijui aliko. Rafiki zangu wa kazini walisema ni kawaida, mtu akirudi kazini mikono inakuwa miwili tena. Ni kweli, na kwa dhania na kuku sikudondosha chozi. Ila niliona kwamba besi ikirudi kabatini, nami nitakuwa nimeondoka kando ya kile kitanda cha mama moja kwa moja.

Jumamosi ya tatu, saa tisa, nilikuwa kwenye ngazi nahesabu makopo ya rangi. Niliangalia saa ya ukutani mpaka ikawa saa tisa na nusu. Hakuna aliyejua natazama nini. Fundi mmoja chini alisema, "Shangazi, au rangi imekwisha?" Nikasema ipo, ipo ya kupaka mkoa mzima.

Jumapili nikapanda na besi. Nilikuwa nimeing'arisha mpaka ungeweza kujitazama ukanyoa ndevu. Kabla ya kwenda kanisani nilipita nyumbani, nikafungua mlango, nikaingia chumba cha mama. Kitanda kilikuwa bado pale, bila godoro. Niliegemeza mdomo wa besi kwenye ubao, nikapiga hatua nne za wimbo wa jioni, asubuhi ile. Kisha nikasubiri. Nilisubiri muda unaomtosha mtu mzima kukumbuka wimbo wowote. Nikafunga mlango nikaenda.

Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili. Hakunihutubia. Alisema tu, "Kuna askari mstaafu karudi juzi kihambani kwake. Ana kifua kipana." Halafu akasema, "Lile jani lako bado liko dirishani. Halijanyauka." Isale haikauki upesi, kila mtu anajua hilo, lakini nilimshukuru.

Sasa napanda kila Jumapili ninapoweza na kukaa benchi la nne upande wa wanawake. Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa hivyo, ibada haijaanza, bendi wako nje ya mlango wanapasha vyombo moto. Wengine walikuwa hawajaanza. Ilikuwa besi tu. Kiganja changu kilikuwa kwenye mbao za benchi, na zile hatua zikaja kupitia mbaoni, nzito, zimepotea kidogo. Pum, pum, kimya, pum. Watu walikuwa wanaongea, wanatafuta kurasa, wanasalimiana. Kwao kulikuwa na kelele nje. Hatua nne nikaujua: wa kumsindikiza bibi harusi, na askari alikuwa ameruka moja.

"Kaukosa mguu wa kushoto," nikasema.

Bibi mmoja aliyekuwa ameketi kando yangu, mzee kabisa, sikumfahamu, aliona midomo yangu ikitembea akadhani namwamkia. Akanigeukia, akanigusa goti.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Nikamwitikia kwa kichwa, nikaacha kiganja pale pale mbaoni.