Pini Moja Tumboni mwa Bi Pini

Basi jamani, mtaa mzima walimwita Bi Pini, na jina hilo hakupewa bure. Fundi cherehani wa miaka themanini na moja, anaongea, anacheka, anakukaripia umechelewa kuja kupima, na muda wote huo pini kibao kazibana mdomoni kama meno ya akiba. Kikopo cha pini anacho. Kimejaa vifungo.

Siku hiyo alikuwa anampima bintiye wa mwisho gauni la harusi. Binti mwenyewe ana arobaini na nane, keshaapa mara mia kwamba ndoa haitaki, na sasa kasimama juu ya stuli anang'aa balaa.

"Mama, kaza hapo kiunoni."

"Nikikaza zaidi utapumulia wapi, mgongoni?"

Akaangua kicheko. Yaani mzaha wake, kicheko chake! Halafu ghafla kimya. Akatemea pini kiganjani, akaziangalia, akamwangalia bintiye.

"Moja imeenda."

"Imeenda wapi, mama?"

"Sokoni! Wewe unadhani wapi?"

Hospitali wakampiga picha, na pini hiyo hapo, imetulia tumboni kama iko kwao. Daktari wa tumbo, dada mmoja mpole hivi, akampitishia mdomoni mpira mwembamba wenye kamera, akaikamata, akaitoa. Kwenye benchi familia ikapiga makofi. Lakini daktari alitoka na uso wa mtu ambaye hajamaliza kuongea. Karibu na ile pini aliona kauvimbe, kadogo, bapa, kamejibandika kwenye ukuta wa tumbo. Akachukua kipande kikapimwe. Majibu: saratani. Ila ndiyo kwanza inaanza, iko juu juu.

"Naweza kuutoa kwa njia ile ile ya mdomo, bila kupasua," daktari akasema. "Tukiuacha ukazama, hapo itakuwa habari nyingine."

Wee! Kikao kikaitishwa sebuleni kwa Bi Pini, gauni nalo limesimama pembeni kwenye sanamu la kushonea, halina mkono wa kushoto. Mwanawe mkubwa, dereva wa malori mstaafu, akaongea kama jaji.

"Mama ni mtu mzima sana. Dawa ya usingizi ikimzidi? Kamera ikimtoboa? Mtu haumwi popote, tunamsumbua ya nini? Tumwache apumzike."

Wengine wakatikisa vichwa, ndiyo, ndiyo. Walimjadili kama kabati, lihamishwe au libaki pale pale.

Bi Pini, aliyekuwa anashona pembeni, akasimamisha cherehani.

"Wewe baba," Bi Pini akamwita mwanawe, "una miaka mingapi?"

"Sitini na moja, mama."

"Na mpaka leo mimi ndiye nakukumbusha kuchomekea shati. Sasa hapa wa kupumzishwa nani?"

Bintiye akacheka mpaka akaziba mdomo. Bi Pini hakucheka.

"Msidhani siogopi. Naogopa mpaka magoti. Lakini bado naitaka hii dunia, na hilo gauni nataka kulimaliza, nilione likitembea. Mnipeleke, au nitafute teksi."

Akapelekwa. Daktari akampima moyo, mapafu, damu, akamsimamishia kidonge kimoja cha kufanya damu iwe nyepesi.

"Umri peke yake haunizuii," akamwambia yule jaji. "Kutoka damu kunaweza kutokea, hata kutoboka, sikufichi, na tumejiandaa. Ila moyo wake uko vizuri." Kisha akamgeukia Bi Pini. "Bibi, nitaingiza maji chini ya uvimbe ili uinuke, halafu nauzungushia kisu kidogo sana, naubandua taratibu, utoke kipande kimoja."

Macho ya Bi Pini yakachangamka. "Kumbe unafumua kiraka!"

"Hivyo hivyo, bibi."

"Basi usiwe na haraka, mwanangu. Usije ukatoka nacho na kitambaa."

"Ndiyo maana asubuhi yote nimekutengea wewe."

Kwenye korido, jaji wetu alitembea huku na huko kakumbatia mkoba wa mama yake, ule mwekundu wenye maua, wala hakuona aibu. Mlango ulipofunguliwa, Bi Pini alikuwa kalala kwenye kitanda cha magurudumu, jicho moja wazi.

"Shati," akamwambia. Mwanaume mzima akachomekea huku analia.

Lakini kazi ilikuwa bado: kile kipande kipimwe, ijulikane kama uvimbe umetoka wote. Bi Pini karudi nyumbani, anakunywa uji mwepesi na dawa za kidonda, gauni analitazama tu. Alipopata nguvu akampandisha bintiye stuli, na hapo hapo simu ikaita, daktari huyo. Wakaweka spika.

"Bibi, kingo zote safi. Haukuzama. Hakuna kilichobaki."

"Kingo zote?"

"Zote! Utarudi tu baada ya miezi kadhaa nichungulie tena."

"Nitarudi, na gauni lako nitakushonea!"

Nyumba ikalipuka. Bibi harusi karuka kutoka kwenye stuli, jaji kapiga kelele mpaka jirani kafungua dirisha. Bi Pini peke yake ndiye alitulia. Akachukua mkono wa kushoto wa gauni, akachota pini, vidole vikapanda kuelekea mdomoni kwa mazoea...

"MAMA!"

"Haya, haya." Akamvuta mwanawe mkubwa na koti lake zito, akazichomeka pini zote kwenye kola, moja moja. "Simama hapo, baba, usitikisike. Leo wewe ndiye kikopo."

Jaji akasimama wima, hata kukohoa hathubutu, mpaka mkono wa kushoto wa gauni ukakaa.