Pua ya Mzigua kwenye Mapipa ya Dindira

Pombe sijawahi kuionja maishani mwangu, na mvinyo mwekundu bora kuliko wote uliowahi kutoka milima ya Dindira niliuchanganya mimi. Anayebisha na abishe.

Ilikuwa wakati wa vita, meli za Ulaya zilipoadimika, na mvinyo wa kule nao. Nilimfanyia kazi Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge Korogwe na shamba la mizabibu huko juu Dindira. Mizabibu ile niliipanda kwa mikono yangu, mche kwa mche, katika vipande viwili: kimoja juu kwenye ukungu, kingine chini panapopigwa na jua. Ufunguo wa chumba cha mapipa nilikabidhiwa mimi kwa sababu ni Mwislamu, nisingeonja. Mke wangu aliniuliza nitamjibu nini Mungu kwa kazi ile. Nikachukua ufunguo wangu, nikaenda kazini.

Shida ni kwamba mvinyo wenyewe ulikuwa haunyweki. Wa kipande cha juu ulinukia vizuri, ila Bwana, yule Mgiriki, akiuonja alikunja uso kama aliyetafuna ndimu. Wa chini ulikuwa mzito, mweusi, hauna harufu yoyote. Mwaka wa tatu wa kumwaga mapipa, Bwana alichoka. Akaniamuru nipigilie vigingi katikati ya mizabibu kuonyesha mahali pa kupanda chai. Mvua zikianza tu, mizabibu ingeng'olewa, nami ningerudi bondeni kukata mkonge. Nilivipigilia vigingi vile kwa hasira, kila kimoja mara mbili ya ilivyohitajika.

Sasa, baba yangu kule Handeni alikuwa mrina asali. Alinifundisha kujua kwa pua asali changa, iliyoiva na iliyochacha, na kuchanganya asali kali na asali laini mpaka harufu zikae pamoja. Nikajiambia mvinyo nao utanisikia. Siku kadhaa nilijifungia na vikombe, nikipima, nikinusa, nikimwaga. Vikombe viwili vya chini kwa kimoja cha juu, ndipo harufu ilipotulia. Nikajaza mchanganyiko huo mapipa mawili. La kwanza nilizidisha kidogo wa juu. La pili lilitoka sawasawa.

Nilipomweleza Bwana, alicheka. "Utaujuaje mvinyo nawe hunywi?"

"Wewe unayekunywa, Bwana, umeumwaga miaka mitatu."

Nilidhani nimejifukuzisha kazi mwenyewe. Akageuka, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata mameneja wa mashamba ya mkonge walipanda kuja kula chakula cha mchana. Bwana akajichotea jagi moja bila kuniuliza ni pipa lipi, nami nikafunga mlango, nikasimama barazani. Mgeni mmoja mzee, aliyesifika kwa kukataa vyakula vya watu, alikunywa, akauliza nani kautengeneza. Bwana akanionyesha kwa kidevu. Mzee akaninyooshea glasi yake.

"Onja kazi yako."

Niliipokea, nikainusa, nikamrudishia. "Huu ni wa pipa la kwanza, mzee. Wa juu umezidi. Mwambie Bwana akuletee wa pipa la pili."

Wageni wote wakageuka kumtazama Bwana. Bwana akainuka, mwekundu mpaka masikioni, akaninyooshea mkono. Nikampa ufunguo. Akaenda kuchota mwenyewe, mimi nikabaki barazani na wageni wake, na sitawaficha, nilifurahi. Jagi lile la pili liliisha kabla nyama haijaletwa. Mzee akaomba asiuziwe mtu mwingine mvinyo uliobaki kwenye pipa lile.

Jumatatu asubuhi Bwana alinikuta shambani. Akakisukuma kigingi kimoja kwa mguu.

"Ng'oa," akasema.

"Ning'oe mizabibu?" Nilijua vizuri anachotaka. Nilitaka nikisikie kikimtoka mdomoni.

"Vigingi," akasema. "Vyote."

Niliving'oa vyote siku ileile. Vilikuwa vya mti mzuri, mkavu. Nilichemshia chai wiki nzima.