Uso wa Mzee Karoli

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hata uji unanikwama kooni. Ilikuwa enzi za Ujamaa, mimi kijana, ndevu tatu kidevuni, mbili zangu na moja ya kuazima. Tulikuwa tumehamia kijiji cha pamoja upande wa Milanzi, na ule mwezi wa saba ilishuka baridi ya Ufipa yenyewe, ile ambayo ukiwasha moto nao unajikunyata unaomba blanketi. Siku hiyo niliona kijiji kizima kinanyamaza kwa mpigo mmoja kwa ajili ya kitu nilichokichora mimi, kwa mkono huu. Huu hapa, unaotetemeka na kikombe.

Ngoja nianzie nyuma kidogo, maana mbuzi ukimshika mkia tu hutajua kama ana pembe.

Shule mimi sikusoma. Nilifika mlangoni mara moja, mwalimu akaniangalia, nikamwangalia, nikarudi kuchunga. Ila kuchora nilijua. Nilichora kwa mkaa, kwa udongo mwekundu, kwa chokaa iliyobaki watu wakishapaka nyumba zao. Brashi nilijitengenezea kwa manyoya ya mkia wa ndama. Ndama mmoja wa jirani nilimmaliza mkia kabisa, akawa anafukuza nzi kwa masikio. Sikuajiriwa na mtu. Kinyozi akitaka picha mlangoni ananiita, mama wa kilabu cha pombe akitaka ukuta wake upendeze ananiita. Nalipwa kuku, nalipwa debe la ulezi, siku nyingine nalipwa ahsante, na ahsante, mwanangu, hata ukiichemsha kutwa haiivi.

Aliyeniweka kwenye kazi hii ni Mzee Karoli. Alikuwa na kiduka cha chumvi, sukari, mafuta ya taa na dagaa wa ziwani, pale pale kijijini. Barazani kwake ndipo nilipojifunzia. Alinipa makaratasi ya kufungia vitu nichoree, akanipa chai, akakaa mwenyewe kwenye kiti chake cha kukunja nimtazame. Mwaka mzima namchora yeye! Masikio yale mapana kama milango ya ghala, masharubu kama panya wawili wamelaliana, na kidoa cheusi shavuni, upande wa kushoto. Nikawa naweza kumchora nimefumba macho, naweza kumchora napiga chafya.

Sasa, kosa langu lilianzia hapo na mimi sikuliona. Nyani haoni kundule. Uso niliokuwa naujua ni huo huo mmoja. Kwa kinyozi nikachora vichwa vitatu, mitindo mitatu ya nywele: Karoli, Karoli na Karoli. Kwenye kilabu nikachora mtu anainua kibuyu: Karoli. Kwa fundi cherehani nikachora mwanamume na suti, Karoli, na pembeni mama mmoja na gauni la maua, naye Karoli, nilimnyoa masharubu tu. Hata ng'ombe niliyemchora kwenye josho alikuwa na yale masikio. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na Mzee Karoli mwenyewe alicheka kuwashinda.

"We kijana," akaniambia, "umenizagaza mji mzima kama mbuzi asiye na mwenyewe. Mke wangu akitaka kujua niko wapi hanitafuti tena, anaangalia kuta."

Basi tukacheka, chai ikaongezwa. Nani angejua?

Siku moja Mwenyekiti wa kijiji akaniita na katibu wake. Kuna mgeni mkubwa anakuja kutoka mkoani, wanataka ukuta wa ghala la kijiji upigwe mchoro. "Tuchoree mnyonyaji," Mwenyekiti akasema. "Mwili wa kupe, kichwa cha binadamu. Awe amejaa damu karibu kupasuka, ana mrija mdomoni, na mrija umechomekwa kwa mkulima aliyekonda."

"Mkubwa kiasi gani?"

"Mkubwa hata kipofu amwone."

Weee! Ukuta mzima, peke yangu, na rangi ya kopo, ya dukani! Nilikuwa sijawahi kushika rangi ya kopo maishani. Nikatundika maturubai mtu asichungulie, nikachora siku tatu. Tumbo la yule kupe lilijaa kama gunia tano, jekundu, linang'aa. Miguu minane nikaihesabu miwili miwili. Mrija huu hapa. Mkulima nikamtoa mbavu moja moja, ungeweza kumpiga kama marimba, na uso nikamfunika kwa kofia, nilikuwa nimechoka. Kupe nikampa kichwa. Mkono ukaenda wenyewe, mwanangu. Mimi nilijua nachora mtu, mtu yeyote tu. Haki ya Mungu ndivyo nilivyojua.

Siku ikafika. Watu wamejaa, ngoma zinalia, mgeni amekaa, na kiti alichokalia ni kile cha kukunja cha Mzee Karoli, alikileta mwenyewe kwa heshima ya kijiji. Mwenyekiti akapiga makofi, turubai likavutwa.

Ngoma zikakatika.

Nikasikia upepo peke yake. Nikadhani wamepigwa na uzuri wa kazi, nikaanza kutabasamu kama bwana harusi. Halafu mama mmoja nyuma akasema, "Jamani! Si Mzee Karoli huyo?"

Nikageuka kuutazama ukuta. Mwanangu, damu yote ilishuka miguuni, nikahisi viatu vinabana na nilikuwa peku! Masikio yale. Masharubu yale. Kidoa kile, upande wa kushoto, kikubwa kama sahani. Mfadhili wangu ananitazama kutoka juu ya tumbo la mdudu.

Mzee Karoli alikuwa mstari wa pili. Alivua kofia, akaushika ukingo wake, akaivaa tena. Akatoka katikati ya watu, wakampisha kama anayebeba moto. Mgeni, masikini, bado amekaa kwenye kiti cha mzee.

Mimi nikajua watu watasema ni ule mzaha wangu wa siku zote, Karoli wa kinyozi, Karoli wa cherehani. Wapi! Kwenye mambo mema uso ule ulikuwa kichekesho, kwenye baya ukawa ushahidi. Sukari ilikuwa haionekani miezi miwili, na watu walikuwa wanatafuta wa kumlaumu. Nikawa nimewachorea.

"Lisemwalo lipo," wakasema. "Fundi anashinda kwake mwaka mzima. Ameona tusiyoyaona."

Nikakimbia kwa Mwenyekiti. "Mwenyekiti, nimekosea! Mzee hana hatia, mimi najua uso mmoja tu!"

Akanishika bega, anacheka. "Usiogope, kijana. Umetufumbua macho. Wiki ijayo, siku ya soko, tunakaa mkutano tukifunge kile kiduka."

Niliduwaa, mdomo wazi, inzi angeweza kuingia, kuzaa na kulea. Nasema nimekosea, na mtu ananishukuru!

Dukani hakwenda mtu tena. Waliopita walipita kwa maneno. "Mzee, sukari umeificha tumboni?" "Tukutoboe na sindano itoke?" Yeye anakaa kwenye gogo, kiti hakukifuata, anatazama barabara ya kwenda Kasesya, mpakani, kama mtu anayepima umbali.

Na mimi? Hapa ndipo penye aibu, nitasema hivyo hivyo. Mimi nilipata kazi kuliko wakati wowote! Watu walikuja kwangu kwa kunyata. Mmoja anataka shemeji yake achorwe fisi. Mwingine ana mke mwenzie, anataka achorwe kuku anayekula mayai yake mwenyewe. "Wewe mchore tu, fundi, mengine watu watajaza." Mmoja aliniletea mbuzi mzima, dume, nikamfunga nyuma ya nyumba. Sikumkatalia mtu. Niliona nimekuwa mkubwa. Shukrani ya punda ni mateke, wanasema, na mimi nilikuwa napiga mateke huku nanenepa.

Siku mbili kabla ya soko Mwenyekiti akanituma niongeze wekundu kwenye tumbo, lizidi kung'aa. Niko pale na kopo langu, akaja bibi mmoja mfupi, amejifunga shuka, udongo umemkaukia mikononi mpaka kwenye viwiko. Mfinyanzi, katembea kwa mguu kutoka Izia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye, bibi."

"Huyu uliyemchora hapa ni nani?"

"Si mtu, bibi," nikasema haraka. "Ni kupe."

Akausogelea ukuta. Akanyanyuka kwa vidole vya miguu, akanyoosha mkono, fimbo ikamwanguka, akafikisha kidole kwenye kile kidoa. Akakisugua polepole.

"Hiki alizaliwa nacho," akasema. "Nilikuwa nakifuta kwa mate, nikidhani ni masizi. Nimefuta wiki nzima, mtoto analia." Akanigeukia. "Sasa leo unaniambia nilizaa kupe?"

Kopo likanidondoka, mwanangu. Rangi ikamwagika miguuni pangu, nyekundu, nikaonekana nimechinja. Na nilikuwa nimechinja kweli.

Nikapiga magoti. "Bibi, nisamehe, nafuta sasa hivi."

"Ukifuta watasema Karoli amekuhonga."

"Sasa nifanyeje, bibi?"

Akaokota fimbo yake. "Mimi nafinyanga vyungu. Chungu kikitoka na ufa nakivunja mwenyewe, mchana, mbele ya mteja, ili asije akapikia watoto wake akamwagikiwa na uji wa moto miguuni. Njia hiyo naijua kwa vyungu. Kwa nyuso sijui, fundi ni wewe." Akapiga hatua mbili, akarudi. "Ila nilipozaa mtoto nilijua atakuja kula, kulala na kutembea na uso ule. Wewe ulipouchora, ulimwuliza nani?"

Akaenda zake. Chakula sikula. Nikamfungua yule mbuzi, nikamrudisha kwa mwenyewe. Alinitukana mpaka na mababu zangu, nikaona matusi matamu.

Siku ya soko watu wamejaa mbele ya ghala, mkutano unataka kuanza. Nikatoka na kiti. Kiti kile kile cha kukunja, nilikiomba kwa katibu. Juu yake nikaweka kioo cha kinyozi. Nikapanda kwenye pipa, nikapaka chokaa kichwa chote cha kupe, mbele ya macho yao.

"Fundi!" Mwenyekiti akafoka. "Unaharibu mali ya kijiji!"

"Siharibu, Mwenyekiti, narekebisha. Mlitaka mnyonyaji. Naomba mnisubiri."

Nikaanza kuchora huku natazama kioo. Mara ya kwanza maishani nachora uso mwingine, na mwanangu, uso wangu ulikuwa mgumu kuliko nyuso zote za nchi hii! Pua inakimbia, macho hayataki kutazamwa. Watu wanalaumu, wanauliza, wengine wanazomea. Halafu mmoja akasema, "Ee! Anajichora mwenyewe!" Ukimya ukarudi, ule ule wa siku ya kwanza.

Nikageuka, brashi mkononi. "Wanyonyaji wengine siwajui," nikasema, "nisije nikasingizia. Ninayemjua ni huyu. Amekunywa chai ya Mzee Karoli mwaka mzima, akamlipa kwa kumfanya mdudu. Na nyie mliokuja kwangu na kuku mkitaka majirani zenu wachorwe fisi, nyuso zenu nimeshaanza kujifunza. Haya, endeleeni na mkutano, mimi nachora!"

Ukasikika mguno. Halafu mwanamke mmoja akaangua kicheko, akafuata mwingine, soko zima likalipuka. Wanne watano hawakucheka, walikuwa wanatafuta njia ya kutokea. Mkutano ulifanyika, lakini habari ya kiduka hakuna aliyethubutu kuianza, kila mtu anatazama brashi yangu.

Mzee Karoli alikuja siku ya tatu. Alisimama mbele ya ukuta muda mrefu, mikono nyuma.

"Pua umeikosea," akasema. "Yako ni bapa zaidi."

"Shikamoo, mzee."

Akakwangua chokaa ukutani kwa ukucha. "Marahaba," akasema. "Kiti changu kirudishe. Baraza ni lile lile. Ila chai, kuanzia leo, utakuja na sukari yako." Na sukari, nimekwambia, ilikuwa haionekani. Nilikunywa chai chungu pale barazani mpaka mavuno, naye ananitazama kila funda.

Jina halikufutika. Mpaka leo Milanzi nzima wananiita Fundi Kupe, hata wajukuu. Sijalikataa. Ni afadhali lilale kwangu kuliko kwa Mzee Karoli.

Basi, mwanangu, wewe unayeishi kwa kuchora, na siku hizi nasikia mnachora kwa simu, picha inafika Dar kabla hujameza mate, nisikilize mzee nisiyejua herufi. Jifunze nyuso nyingi, usitegemee ule unaoujua. Ukichora uso, jua una mwenyewe, na mwenyewe ana mama. Mtu akija na mbuzi akitaka umchoree adui yake, mwache aondoke na mbuzi wake, kwa maana huyo hanunui mchoro, anakodi mkono wako akapigie mwenzie. Njaa ya siku mbili tatu haimwui fundi. Na ukikosea, maana utakosea, usiende kufuta kwa kujificha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Simama pale pale ulipokosea, mchana, mbele ya wale wale walioona, na kama lazima kichwa cha mtu kikae juu ya tumbo lile, kiwe chako.

Nenda sasa, kazi zako zinakungoja. Mungu akupe mkono mwepesi na jicho lisilo na haraka. Wateja wako wasiishe, rangi yako isichuje, na kila uso utakaoutoa mkononi mwako, mama yake akiuona, autambue na afurahi. Amina, mwanangu.