Machozi ya Mheshimiwa

Mimi hutengeneza filamu, kazi niliyojifunza mwenyewe. Mwanasiasa mmoja kijana wa hapa Malaba alinivutia kwa jinsi anavyolia na wafiwa, nikaanza kumtengenezea filamu. Juzi, kwenye mazishi ya dereva wa lori, nilimbandika kipaza sauti kidogo kifuani na kukiunganisha na spika za matangani. Nilijiona fundi kweli. Baada ya hotuba tulienda nyuma ya nyumba.

"Boss, machozi yalionekana?"

"Kidogo, mheshimiwa. Turudie. Sasa umkumbatie mjane, nitamwambia alie kwa nguvu."

Sauti yangu ikavuma kwenye spika mbele ya nyumba. Nilikuwa nimesahau kuzima kipaza sauti. Mjane akaja polepole, akaitazama kamera yangu.

"Mzee, tumesikia. Nisimame wapi?"