Mafuta ya Chipsi kwa Kuku wa Mama

Mama aliponipa kuku wake wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, miguu ilikuwa imeshamchosha na hakuweza tena kuzunguka migombani kutafuta mayai. Hao ni kuku wa ukoo. Bibi alimpa mbegu yake alipoolewa. Kutoka kwake mlimani niliteremsha hadi kwangu Njoro mitetea tisa na jogoo wawili, nikajiapiza kwamba nitawatunza kuliko yeye. Mimi nikipenda kitu huwa nakizidisha.

Mama mmoja muuza chipsi kule Majengo alikuwa akinipa bure mafuta yake yaliyochoka kukaangia, meusi kabisa. Nikayachanganya kwenye pumba. Mitetea wakanenepa, wakataga, nami nikatamba mtaa mzima.

Vifaranga ndio walioniliza. Walianguliwa vizuri, wakachanjwa, lakini wiki ya pili wakaanza kulegeza mabawa. Mafua yakipita mtaa wa tatu, wao wameshayapata. Nilimgombeza aliyeniuzia chanjo, nikailaumu baridi ya Julai. Mama akipiga simu, namjibu, "Hawajambo, wanakua." Naona haya mpaka leo. Mitetea walikuwa wanazeeka, na vifaranga wasipopona, ukoo ule ungeishia mikononi mwangu.

Bwana mifugo alipokuja hakuwashika hata vifaranga. Aliuliza mama zao wanakula nini, kisha akanusa ndoo yangu na kukunja uso.

"Kifaranga siku za kwanza anaishi kwa kiini alichotoka nacho, dada. Na kinga yake ya mwanzo imo humo humo. Ukimlisha mama mafuta yaliyochacha, mtoto atakuwa na kinga gani?"

Nikamkumbuka mama. Nilipojifungua, mama alishuka na samli yake, akanilisha mtori wa ndizi na nyama miezi mitatu, na kila asubuhi aliinusa samli kabla ya kuichota. Mzazi hapewi mafuta yaliyolala, alisema. Nilikula nikanawiri, nisijifunze kitu.

Mafuta yale nikayafukia. Nikaanza kuwapa dagaa waliosagwa na mafuta mapya ya alizeti kidogo, tena kidogo kweli, na nikangoja wiki kadhaa kabla ya kuatamisha mayai. Safari hii vifaranga kumi na mmoja walivuka mwezi. Nikawatia sita kwenye tenga, nikapanda nao mlimani Jumapili baada ya ibada.

"Shikamoo, mama. Nilikudanganya," nikasema, nikamweleza yote, machozi yakinitoka.

Alimtoa mmoja, akampapasa shingo.

"Marahaba. Nilijua. Kuku wangekuwa wazima, usingenijibu kwa sauti ile kwenye simu." Akacheka. "Mimi niliwaua wengi kuliko wewe, na bibi yako alikuwa ameshafariki, sina wa kumuuliza. Kwa nini unadhani nimekupa sasa, nikiwa bado nipo?"