Nilivyomsahau Mkuu wa Chuo Akiwa Amebana Pumzi

Jamani, juzi nimeaibika kwenye usaili wa chuo cha kusomea upigaji picha za eksirei, hapa hapa Kigoma. Nilikuwa nimemfanya shangazi yangu wa Buzebazeba mgonjwa wangu wa mazoezi mpaka akawa ananikimbia. Basi mkuu wa chuo akasimama ukutani, akajifanya mgonjwa wa kifua. Nikaamuru, "Vuta pumzi, ibane!" Akabana kweli. Msaili mwenzake akaniuliza kwa nini naipenda kazi hii. Hapo nikapata jukwaa! Nikaeleza weee, mpaka nikasikia ukuta unagongwa.

"Mzee, tulia, picha itaharibika!" nikafoka.

Akaachia pumzi kama tairi la bodaboda lililopasuka, macho mekundu.

"Binti, hiyo picha unaipiga au unaichora?"